Fundi Yuko Njiani

Tarehe 3 Februari

Kwako Dada wa Simu za Maji,

Ulipokuwa mlangoni uliniomba niyaandike niliyokueleza, maana nusu uliisikia na nusu ya pili ulikuwa unatazama dirisha. Nayaandika kama nilivyoyasema.

Kukwaruza kwa sauti yako si mafua wala si vumbi la ofisi. Una uvimbe kwenye nyuzi za sauti, na ni wa aina mbaya. Kwa sasa umekaa mahali pamoja, haujasambaa, na hiyo ndiyo habari njema niliyo nayo. Tukiuondoa mapema, utapona. Lakini umekalia nyuzi zenyewe, kwa hiyo hauwezi kutoka peke yake. Baada ya upasuaji huenda ukabaki na mnong'ono, na hata huo sikuahidi. Kusema kama unavyosema leo hutasema tena.

Mpaka siku hiyo ipumzishe sauti. Simu za nyumbani ziache kabisa, na kazini mwombe meneja akupe kazi ya mikono. Mimi na mke wangu tumewahi kukupigia maji yalipokatika, nasi tulikuwa tumejaa hasira, ukatutuliza kabla fundi hajafika. Kwa hiyo usidhani naandika haya kwa wepesi.

Nipe jibu kuhusu tarehe. Mficha maradhi, unajua mwenyewe kinachomuumbua.

Daktari wa Koo


Tarehe 6 Februari

Daktari,

Safari hii nimesoma yote. Nimekubali kukatwa. Ninachoomba ni mwezi huu uishe kwanza.

Mdogo wangu wa kiume anasomea uundaji wa mifumo ya huduma yenye akili, na shirika letu limekubali mfumo wake wa kupokea simu za wateja ujaribiwe kwetu. Unahitaji sauti ya mtu. Ameniomba yangu tangu mwaka jana, nami nikawa namzungusha, kwa sababu niliona kama ananiomba nimpishe kiti changu. Sasa nimebadili mawazo. Sauti inaondoka hata nikiikalia, basi afadhali iache kitu nyuma.

Mchana kutwa nitakaa kimya. Nitasema ndani ya stoo tu, mbele ya kinasa sauti. Mdogo wangu hajui lolote, na mama yetu hajui. Akikuuliza mtu, hunijui.

Redio

(Hilo ni jina la nyumbani. Nilianza kusema mapema na hakuna aliyepata kitufe cha kuzima.)


Tarehe 11 Februari

Dada yangu Redio,

Nimekupigia mpaka simu yangu imeona haya. Hupokei. Unanitumia ujumbe mmoja tu: "Andika barua, nitajibu." Barua, Dada! Posta ya hapa chuoni ina karani na paka, na anayewahi kazini ni paka. Haya, naandika.

Kwanza asante. Meneja wako ameniarifu kwamba umekubali kurekodi. Nilirukaruka chumbani mpaka jirani wa chini akagonga dari. Ila nauliza: mwaka mzima ulinipiga chenga, imekuwaje sasa? Na mbona unataka yamalizike upesi? Kama umekubali kwa hasira, ili umalize uniachie na kiti chako, sema. Nakujua, ukikasirika unafanya kazi maradufu.

Mfumo huu hauji kukufukuza. Mwalimu wangu hutuambia kila siku kwamba mashine peke yake si mfumo. Mfumo ni mashine, na fundi, na bomba, na mteja, na habari zinazopita kati yao, na kimoja kikiwa kiziwi vyote ni viziwi. Mita zitatuma habari zenyewe. Bomba likipasuka tutajua ni mtaa gani kabla mama wa nyumbani hajainua simu, na fundi aliye karibu atakuwa amekwisha kuarifiwa. Nimechora safari nzima ya mteja ukutani kwangu, kutoka anapoona bomba kavu mpaka anapooga. Kinachokosekana ni sauti ya kumwambia hayo kwa namna atakayoiamini. Sijasikia nyingine zaidi ya yako.

Mama analalamika kwamba humpigii. Nimemwambia umebanwa na kazi. Mpigie.

Bisibisi


Tarehe 17 Februari

Mdogo wangu Bisibisi, uliyeifungua redio ya Baba ukairudisha na skrubu zikabaki mkononi,

Sina hasira na wewe. Simu nashinda nayo kazini, jioni sikio limewaka moto na ulimi hautaki tena kazi. Barua hainikati maneno, na wewe ukiandika unafika mwisho wa sentensi, jambo ambalo kwa simu hatujawahi kuliona katika ukoo huu. Kwa Mama usinisemee. Nitalitazama.

Kurekodi nimeanza. Tumetundika mablanketi kwenye kuta za stoo, nakaa katikati ya maboksi ya mita kuukuu, nasoma sentensi zako. Mwenzangu wa meza ya pili ananishikia karatasi. Nyingine nimezibadilisha. Uliandika, "Mpendwa mteja, tunathamini uvumilivu wako." Mtu ana sabuni machoni, halafu unamsifia uvumilivu? Nimesema, "Pole. Tunalijua tatizo la mtaa wako." Halafu hiyo safari ya mteja uliyochora ukutani. Mteja hasafiri, mdogo wangu. Mteja yuko jikoni na ndoo.

Nina masharti. Sentensi ya "Fundi yuko njiani" nimeirekodi, lakini isitamkwe kama fundi hayuko njiani. Miaka yote hii nimeisema huku nikijua fundi bado anakunywa chai, na kila mara nilijihisi mwongo. Mfumo wako kama una akili kweli, ulione gari limetoka getini ndipo uinene.

La pili ni wanaonyamaza. Mchoro wako unasema asiyesema kitu akatiwe simu, laini iwe wazi kwa wengine. Usimkate.

Tufanye upesi. Mwezi ukiisha nina shughuli nyingine.

Redio


Tarehe 23 Februari

Dada,

Mafungu mawili ya sentensi nimeyapokea. La kwanza ni asali. Niliwasikilizisha wenzangu darasani, mmoja akauliza kama una mume. Nimesema unao wengi, wote wanadai maji.

Fungu la pili, usinichukie, lina kasoro. Kuna mkwaruzo. Mwanzoni nilidhani ni kinasa sauti, nikakipima, kumbe hapana, ni wewe. Sentensi ndefu zinaishia kama mtu anayeburuta kiti. Nadhani ulikuwa umechoka, au umepiga domo sana siku hiyo. Nakuomba uzirudie zote za fungu hilo, na ukiweza uongeze hizi za karatasi ya nyuma. Mfumo ukipata za kutosha utajifunza kuunda hata sentensi usizowahi kusema. Kunywa maji ya vuguvugu, tulia, rudia. Najua unataka umalize, lakini haraka haraka haina baraka.

Kuhusu wanaonyamaza, hilo nalipinga kwa heshima zote. Nimehesabu simu zenu za zamani. Zilizokaa kimya ni nyingi ajabu: watoto wanaochezea, watu waliokosea namba, simu zilizobonyezwa mfukoni. Kila moja inashikilia laini ambayo ingemfaa mwenye shida. Mfumo usubiri kidogo, ukate, na namba inayorudia kunyamaza mara kwa mara ifungiwe. Hiyo si roho mbaya.

Mama bado anauliza.

Bisibisi


Tarehe 28 Februari

Mdogo wangu,

Nimerudia fungu lote, na za karatasi ya nyuma nimezisema. Mwenzangu wa meza ya pili aliniambia tupumzike, sikutaka. Sasa zimetoka safi kiasi nilichoweza. Usiniombe tena kurudia.

Turudi kwa wanaonyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nao hawakuwahi hata kukaa meza ya simu. Kuna bwana alikuwa akitupigia na kunyamaza, mpaka wenzangu wakampa jina, Bwana Pumzi. Siku moja nikamwambia tu, "Nipo. Sema ukiwa tayari." Nikaendelea kupanga karatasi zangu. Baada ya muda akasema alikuwa anachimba msingi wa choo akakata bomba kubwa, mtaa mzima hauna maji, na majirani wanamtafuta aliyefanya hivyo. Aliona haya kusema. Tungemkata, maji yangemwagika mpaka leo. Anayenyamaza hajamaliza, Bisibisi. Bado hajaanza.

Kwa hiyo bila ruhusa yako nimerekodi sentensi hiyo: "Nipo. Sema ukiwa tayari." Nimeisema mara moja tu, ikatoka vizuri kuliko zote. Iweke mahali ulipoandika mkato.

Redio


Tarehe 2 Machi

Kwako Redio,

Uliomba mwezi, nao umekwisha. Nesi aliyekupima wiki iliyopita ananiambia umekuja na sauti iliyochakaa kuliko tulivyokuacha. Sikuulizi ulikuwa unafanya nini, nadhani nakijua. Ukisubiri zaidi uvimbe utatoka hapo ulipo, na ukishasambaa sitakuwa na habari njema hata moja.

Njoo wiki hii na nguo za kubadilisha. Mgonjwa haulizwi uji.

Daktari wa Koo


Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii nimempa mwenzangu aitie posta nikishaingia wodini, ili usije ukafika kunizuia au kunililia kabla ya wakati.

Nina uvimbe kooni. Wanaukata, na sauti inaondoka nao. Nimelijua tangu mwanzo wa mwezi uliopita, ndiyo maana simu sikupokea, ndiyo maana nilikubali kurekodi, ndiyo maana nilikuwa na haraka. Mkwaruzo uliousikia si uchovu. Najua sasa hivi unakumbuka kwamba uliniambia nirudie fungu zima. Liache hapo hapo. Hukujua, nami nilirudia kwa kupenda. Ningekuwa nimekaa tu nyumbani nikingoja, ningeitumia sauti hiyo kulia.

Naogopa. Nakuandikia wewe kwa sababu huyu mwenzangu nikimwambia hivyo ataanza kuniombea kwa sauti ofisini.

Mama asijue, angalau kwa sasa. Macho yake hayasomi, barua ataisomewa na jirani yetu, na yule unamjua, habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, mchana imeshafika sokoni. Sitaki Mama aambiwe kwa mdomo wa mtu mwingine, na mdomo wangu ndio huo. Mwambie nimepelekwa kozi mahali ambapo simu haziruhusiwi.

Kama sentensi ya "Nipo" hujaiweka, iweke.

Dada yako


Tarehe 20 Machi

Dada yangu,

Nimerudi chuoni salama kutoka hospitalini kwako. Nililia njia nzima, mpaka abiria wa pembeni akanipa kitambaa chake na hakukitaka tena. Sasa nimemaliza, kwa leo.

Nimefurahi kwamba wameutoa wote. Daktari alinihakikishia mara mbili kwenye korido, nikamuuliza tena, akaniambia kumbe ukoo mzima husikia nusu. Nilikaa kitandani kwako siku zote zile sijui niseme nini, na wewe huwezi kusema, nikagundua kwamba maisha yangu yote wewe ndiye uliyekuwa ukizungumza na mimi nikifungua vitu. Uliponiandikia kiganjani "nenda kasome" nilikasirika. Nilitaka unifukuze kwa maneno kama zamani.

Uliniambia fungu la pili niliache, nami nashindwa kuliacha. Nimesikiliza la kwanza na la kurudiwa moja baada ya jingine. Nilikuwa na masikio ya kupima mashine tu.

Kwa Mama nimesema uongo kama ulivyotaka. Aliuliza ni kozi gani isiyoruhusu simu ilhali wewe kazi yako ni simu. Nilijibu kitu ambacho hata mimi sikukielewa. Akasema, "Haya."

Sentensi ya "Nipo" nimeiweka. Kuwafungia wanaorudia kunyamaza nimebakiza, maana meneja wako anataka laini ziwe wazi, nami bado naona nina haki kidogo.

Bisibisi


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimerudi kazini. Nina kitambaa shingoni na daftari mfukoni kama karani wa mahakama. Mnong'ono haukuja. Daktari anasema tuendelee kungoja, lakini anasema hivyo huku anajifanya kutafuta kalamu.

Meneja amenipa meza mpya karibu na stoo. Mfumo wako usipomwelewa mteja, maneno yake yanaandikwa yanakuja kwenye skrini yangu: "Ombi halijaeleweka." Mimi nasoma, natambua anachotaka, nachagua jibu, mfumo unampigia na kumjulisha. Kumbe watu wanaeleza maji kwa njia nyingi. Jana mteja mmoja alisema "bomba langu linakohoa," mashine ikachanganyikiwa, mimi nikajua ni hewa kwenye mabomba ya ghorofa. Kazi ni nzuri. Nilikuwa na hofu kwamba nitawekwa kubandika bahasha.

Mfumo uliwashwa wiki iliyopita. Ofisi nzima ilikusanyika kwenye spika kusikia simu ya kwanza, na mimi nikasikia sauti yangu ikimwambia mtu pole. Nilitoka nje. Mwenzangu wa meza ya pili alinifuata na maji ya kunywa, tukasimama tu. Hainitii wivu, nataka ujue. Ina adabu kuliko mimi. Lakini inauma kuona kitu chako kinaendelea na kazi bila wewe, na hakikuulizi ulilalaje.

Mama anaendeleaje? Bado anaamini kozi?

Redio


Tarehe 14 Aprili

Dada,

Kaa kitini ndipo usome.

Kila Jumatatu napokea taarifa ya namba zinazosumbua. Wiki hii ilikuwapo moja tu: inapiga kila asubuhi, inasikiliza "Karibu, nikusaidie nini?", inanyamaza, inasikiliza "Nipo. Sema ukiwa tayari", inanyamaza tena, halafu inakata. Haijawahi kutamka neno. Mfumo ulishapendekeza ifungiwe na kilichobaki ni mimi kukubali. Nilikuwa naelekea darasani, kidole kiko juu ya kitufe. Nikaisoma ile namba.

Ni simu ya mezani ya nyumbani kwetu.

Zamani Mama si alikuwa akikupata kwa namba hiyo hiyo ya shirika? Huwa anapiga kukusikiliza. Nimeifuta kanuni ya kufungia yote, ya namba zote, na nimemwandikia meneja kwamba ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Mwalimu wangu aliponiuliza sababu nilimwambia mteja mmoja ameniaibisha.

Sasa nisikilize. Sentensi ulizorekodi zinatosha. Mfumo unaweza kutamka chochote utakachoandika, kwa sauti yako, na usingejua tofauti. Nimekufungulia njia kwenye meza yako: andika, bonyeza, Mama anasikia. Yeye akisema, wewe unamsikia kwenye hedifoni. Masikio hayakukatwa. Mpigie, Dada. Mwambie kozi inaendelea vizuri. Atatulia, na wewe utatulia.

Bisibisi


Tarehe 22 Aprili

Mdogo wangu,

Nimefanya. Siku mbili niliitazama meza kama mtu anayetazama maji baridi, siku ya tatu nikaingia.

Niliandika, "Shikamoo Mama, ni mimi." Ikasema. Akaitikia marahaba. Nikaandika kwamba kozi inaendelea vizuri na chakula kinatosha. Naye akaanza: paa linavuja upande wa jikoni, jirani amegombana na mkwewe, mguu wake wa kushoto unauma asubuhi lakini ukipata joto unaacha. Vidole vyangu si vyepesi kama ulimi, kwa hiyo nilimwacha aseme, nikawa naandika "ndiyo Mama", "pole Mama". Alisema kwa raha yake mpaka mwisho. Halafu akaniambia, "Asante sana mwanangu, kazi njema," kwa sauti ile anayoitumia kwa wageni, akakata.

Nililia kwa furaha. Nimemsikia Mama. Lakini tangu jana kuna kitu kinanikereketa na sikijui. Amekuwa na adabu mno.

Redio


Tarehe 27 Aprili

Dada,

Adabu tu inakukereketa? Amekusikia baada ya muda mrefu, labda hakuamini. Mimi naona tumeshinda.

Nimefikiria zaidi. Naweza kuupanga umpigie kila Jumapili, hata ukiwa umelala. Maswali ya Mama nayajua: umekula, unalala vizuri, utakuja lini. Tutaandika majibu ya kutosha mara moja, mfumo uwe unachagua. Hatahitaji kujua kamwe, na hutahitaji kuumia kila mara. Nikitazama mchoro wangu ukutani, hakuna pengo.

Nijibu upesi nianze.

Bisibisi


Tarehe 3 Mei

Mdogo wangu,

Usianze.

Jana asubuhi ilikuja kwenye skrini yangu, katikati ya bili zilizozidi na mita zilizozimika. Naiandika hapa kama ilivyokuwa, kwa sababu niliisoma mpaka nimeikariri:

"Ombi halijaeleweka. Aina ya tatizo: haijulikani. Maneno ya mteja: Hallo. Leo nimekuwa tayari. Wewe mwenye sauti ya binti yangu, yachukue haya umpelekee mwenyewe. Kuna mtu alinipigia kwa sauti hiyo yako. Nikamweleza habari za paa, nikamweleza za jirani, nikamweleza za mguu, nikafika mpaka mwisho na hakunikata hata mara moja. Binti yangu tangu ajue kusema hajawahi kuniacha nimalize. Basi nimejua kwamba hawezi kusema. Sitaki kuambiwa ni nini kwa simu. Mwambie aje nimwone. Hata kama hana sauti, aje hivyo hivyo. Miaka yote nimekosa zamu katika nyumba hii, safari hii nitasema mimi. Nimemaliza."

Nilidhani tunamficha, Bisibisi. Kumbe alikuwa anatungoja sisi, kila asubuhi, na simu sikioni, mpaka tuwe tayari.

Skrini inanitaka nichague jibu la kumpelekea mteja. Kuna "Tumepokea", kuna "Tunalishughulikia", kuna "Tafadhali subiri". Nilipita yote nikafika kwenye ile yetu ya sharti, nikaondoa kidole, maana gari lilikuwa halijatoka getini. Nilimwandikia meneja naomba likizo, akasaini bila kuuliza. Nikaenda stesheni nikakata tiketi, nikapita nyumbani kuchukua nguo. Nikarudi ofisini na begi mgongoni, wenzangu wakinitazama, nikakaa mezani nikabonyeza: "Fundi yuko njiani."

Mfumo ukampigia. Kwenye hedifoni niliisikia ikimwambia kwa sauti yangu ya zamani, na nikamsikia yeye akivuta kiti.

"Haya," akasema. "Namngoja."

Nakuandikia kwenye benchi la stesheni. Treni imeingia, wanafungua milango. Na wewe njoo.

Redio